Ng'ombe Niliowahamisha kwa Kalamu

Mwalimu wetu alikuwa na swali moja alilolipenda kuliko chakula: "Yupi?" Ukimwandikia kwamba mtu alipita njiani, atauliza mtu yupi. Ukimwandikia mti, atauliza mti upi. Alikuwa mtu wa pwani, mfupi, msafi kupita kiasi. Kanzu yake haikushika vumbi la Dodoma, wakati sisi wenyeji tulikuwa vumbi tupu kuanzia nyusi hadi nyayo. Kazi yake ilikuwa kutufundisha kuandika habari. Kusoma na kuchora herufi tulikuwa tumekwisha kujua. Yeye alitufundisha kukaa mbele ya karatasi tupu na kuijaza jambo tulilolitoa vichwani mwetu, mpaka mtu asiyewahi kufika kwetu alisome na kuliona. Sidhani kama Wadachi, Wajerumani waliotutawala wakati ule, ndio waliomtuma afanye hivyo. Wadachi walitaka makarani. Yeye alitaka kitu kingine, na kwa sababu hiyo nimemkasirikia na kumpenda kwa miaka mingi kuliko nilivyowakasirikia Wadachi.

Tulikuwa watu kumi na mmoja muhula ulipoanza, baada ya mavuno ya uwele. Wengine walikuwa na ndevu, wawili walikuwa na wake. Mimi nililetwa shuleni kwa sababu jumbe aliambiwa kila ukoo utoe mtu, na baba akatazama wanawe akaona mmoja tu ambaye zizi halingemlilia. Nilikuwa mchungaji mbaya. Mara mbili fisi walinilia ndama mchana kweupe, nikiwa nimekaa kivulini najitungia maneno. Baba alisema mtu wa namna hiyo afadhali aende akawachungie Wazungu karatasi zao.

Vita ilikuwa imeshaanza, lakini kwetu ilikuwa bado jambo la kusikia. Magari moshi yalipita yamejaa askari, yakaelekea magharibi, yakarudi matupu. Tuliyatazama kupitia dirishani, mwalimu akagonga meza kwa ufunguo wake, tukarudi kwenye karatasi.

Habari ya kwanza aliyotupa tuandike ilikuwa juu ya mali ya kwetu. Niliandika kwamba baba yangu ana ng'ombe wazuri. Mwalimu aliisoma, akanirudishia.

"Ukiandika ng'ombe hujaandika kitu," alisema. "Niandikie ng'ombe yupi, kalala wapi, na asubuhi kafunguliwa mlango na nani."

Basi nikaandika. Hapa sharti nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mambo yaliyofuata hayataeleweka. Kwetu Ugogo mtu mwenye akili hawalazi ng'ombe wake wote katika zizi moja. Ugonjwa ukiingia zizini humaliza wote, ukame ukishuka upande mmoja humaliza wote. Kwa hiyo mtu huwagawa. Hawa anawaweka kwa rafiki, hawa kwa shemeji, hawa kwa mjomba mbali kabisa. Anayewatunza anakunywa maziwa, mwenyewe anabaki na ng'ombe na ndama zao. Ukipita nyumbani kwa mtu ukaona zizi dogo, usiwe mwepesi kumhurumia. Baba yangu alikuwa na zizi dogo. Ng'ombe wake hasa walikuwa Bahi, kwa mjomba wangu, pembeni mwa mbuga ya maji, kwenye majani hata mwezi ambao kwingine ng'ombe wanalamba udongo.

Niliwaandika mmoja mmoja. Nilimwandika jike mwekundu ambaye pembe yake moja ilishuka ikafunika jicho, ikabidi ageuze kichwa kizima ili akutazame. Niliandika dume jeusi lenye baka jeupe tumboni, na jike kilema aliyekuwa akitangulia wenzake majini. Niliandika nyumba ya mjomba, mwinuko iliposimama, njia inayopinda kati ya mafunjo mahali ambapo mgeni hudhani hakuna njia. Nilieleza njia ile kiasi kwamba hata kipofu angefika.

Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Alipomaliza alipangusa miwani yake, akasema, "Hii nimeiona." Hatukuwahi kumsikia akimwambia mtu hivyo. Nilijawa na furaha ya kipumbavu, nikatamani baba angekuwepo, ingawa baba asingejua kwa nini watu wanafurahia kusikia habari za ng'ombe wa mtu mwingine. Mwalimu akaikunja karatasi, akaitia katika sanduku la bati alilowekea kazi zetu nzuri, akafunga kwa kufuli.

Jirani yangu kwenye benchi alitoka Busi, huko milima ya Kondoa. Alikuwa Mwislamu, mtoto wa wakulima, mtaratibu wa kusema, mwenye kicheko kilichotokea puani. Yeye aliandika safari ya babu yake kwenda Maka. Aliandika jahazi, bahari, mchanga, ngamia aliyekataa kusimama. Ilikuwa tamu hata tukasahau kuandika zetu. Mwalimu alimuuliza babu alirudi mwaka gani, naye akajibu bila aibu kwamba babu yake hajawahi kuvuka mto wa kijijini kwao. Mwalimu alimkemea. Akasema njia ya mwongo ni fupi, na kwamba darasa lile ni la watu wanaoandika walichokiona. Rafiki yangu aliinamisha kichwa. Mimi nilimcheka, Mungu anisamehe.

Miezi miwili baadaye vita ilitufikia. Haikuja kwa bunduki. Ilikuja kwa tumbo. Jeshi lilitaka nyama, likataka wapagazi, na benchi zetu zikaanza kuwa na nafasi. Huyu alichukuliwa akaandike majina ya wapagazi, yule akachukuliwa kuwa mpagazi mwenyewe. Kila nafasi ilipopatikana mwalimu alituambia tusogee mbele.

Siku moja nilipata tena ruhusa ya kwenda nyumbani. Kwetu kulikuwa mwendo wa siku nzima kuelekea machweo. Unapita Kizota, ambayo wakati ule ilikuwa vichaka na mashimo ya fisi, halafu unashika uwanda mpaka kwenye korongo. Kabla ya korongo palikuwa na nyumba ya mama mmoja mjane. Sikumjua ukoo wake wala yeye hakunijua wangu. Mara ya kwanza nilipita pale nina kiu, nikamwamkia "Mbukwa", akaitika, akanitolea kibuyu cha maziwa ya mgando bila kuuliza natoka wapi. Tangu hapo kila nilipopita nilisimama. Nilikaa mlangoni pake, juu ya jiwe la kusagia lililopasuka ambalo alilifanya kizingiti, nikanywa, nikarudisha kibuyu, nikaendelea. Nadhani tulikuwa tumesemeshana maneno ishirini kwa jumla.

Nilipofika nyumbani nilikuta zizi liko wazi na halina samadi mbichi. Baba alikuwa amekaa nje akichonga mpini, hakuinua kichwa. Alinieleza kwamba askari walikuja na jumbe, wakachukua wote waliowakuta. Walimuuliza wengine wako wapi, akaapa kwamba hana wengine. Kijiji cha pili mtu mmoja aliapa vilevile, kisha ng'ombe zake wakaonekana kwa mkwewe. Alipigwa hamsa ishirini, vile viboko ishirini na tano vya Wadachi, mbele ya watoto wake, na kabla vidonda havijakauka akafungwa kamba na kupelekwa upagazi. Hakuna aliyemwona tena.

"Wale wa Bahi ndio sisi," baba alisema. "Ndio chakula cha mama yako, ndio mahari yako, ndio uhai wangu mimi. Mdomo wako uuchunge kuliko ulivyochunga ndama."

Nikamjibu kwamba nimesikia. Halafu nikakumbuka sanduku la bati. Sikumwambia. Mama aliponiletea ugali na mlenda niliula wote, na nikausifu.

Nilirudi Dodoma nikikimbia sehemu za njia. Siku ile sikusimama kunywa maziwa. Mama yule aliniona nikipita akaniita, nikapunga mkono. Nilimkuta mwalimu peke yake darasani, akipanga vibao. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba karatasi yangu, nikasema nataka kusahihisha herufi. Akaniambia kwamba siku ya kufunga muhula Bwana Mkubwa wa bomani angekuja kusikiliza habari tatu zilizo bora, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amemwelezea yangu kwa juu juu. Bwana Mkubwa aliipenda sana. Alisema ataisikiliza kwa hamu ile habari ya ng'ombe wanaokaa ugenini.

Sijui uso wangu ulikuwaje. Mwalimu alikaa chini polepole. Alikuwa mtu wa pwani, hakujua ng'ombe, lakini hakuwa mjinga, na askari walikuwa wakipitisha mifugo mbele ya dirisha lake kila siku. Aliniuliza swali moja tu, kama mjomba yule anaishi pale kweli. Nikasema ndiyo, Mwalimu, kweli tupu, kama ulivyotufundisha.

Alifungua kufuli akanipa karatasi.

"Kila mmoja atasoma nakala safi," alisema. "Nakala safi mtu anaiandika mwenyewe. Mimi sitasimama nyuma yako." Kisha akageukia vibao, akaendelea kuvipanga.

Karatasi ya zamani niliichoma jikoni kwa mpishi wa shule. Zilibaki siku tatu. Kubadili habari nzima nisingeweza, kwa sababu Bwana Mkubwa aliisubiri ya ng'ombe, na mtu akiahidiwa ng'ombe akaletewa mbuzi lazima aulize. Nikamwendea rafiki yangu wa Busi, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikumbusha kwamba nilimcheka.

"Waue," alisema. "Andika sotoka iliingia Bahi, wakafa wote, mjomba akalia. Hakuna anayefuata mizoga."

Lilikuwa shauri zuri. Mpaka leo sijapata shauri zuri kuliko hilo. Lakini nilipochovya kalamu na kutaka kuandika neno lile, mkono ulikataa. Kwa mkulima wa milimani sotoka ni neno kama maneno mengine. Kwetu lilikuwa halitamkwi. Sotoka ilipopita wakati wa ujana wa baba, watu walikula ngozi za vitanda vyao, na tangu hapo mtu hakulitaja jina hilo akiwa karibu na zizi, wala hakusema juu ya ng'ombe aliye hai kwamba amekufa, hata kwa mzaha. Ukisema, umemwita. Nilimwona jike mwekundu akigeuza kichwa chake kizima kunitazama, nikashindwa kumwua. Nilikuwa mtu wa shule, ninaandika kwa wino wa Kizungu, na bado niliogopa kuwaloga ng'ombe wa baba yangu kwa mstari mmoja.

Rafiki yangu alijaribu mara mbili. Akasema mbona ni karatasi tu. Nikamwambia na ile ya kwanza ilikuwa karatasi tu.

Basi nikaamua kuwahamisha. Ng'ombe wangebaki hai, wazuri kama walivyo, ila wangelala mahali pasipokuwepo. Nikamfuta baba na mjomba, mwenye ng'ombe akawa mtu asiye na jina, nikafuta mbuga na mafunjo. Nikawaweka kwa mwanamke mmoja rafiki wa mtu huyo, anayeishi peke yake kwenye uwanda mkavu. Nilikuwa sijawahi kubuni kitu, na nilishangaa jinsi kilivyokuja kwa urahisi. Swali la mwalimu lilinisukuma: nyumba ipi? Nikaandika nyumba ndefu ya udongo yenye ua wa minyaa, ulioliwa na mbuzi upande mmoja. Mlango upi? Nikaandika mlango ambao kizingiti chake ni jiwe la kusagia lililopasuka katikati, limelainika kwa kukaliwa. Nikamwandika mwanamke anayetoa maziwa bila kuuliza mgeni anatoka wapi.

Wewe unayesoma umeshajua. Mimi sikujua. Naapa kwa chochote unachotaka niape, nilidhani mambo yale nimeyatoa hewani. Nilimsomea rafiki yangu wa Busi, naye akatikisa kichwa kwa furaha akasema sasa umekuwa mwongo kamili, ndugu yangu, na mimi nikaona fahari.

Siku ya kufunga muhula tuliketi kwenye kivuli cha ukuta wa boma, watu sita tuliobaki. Bwana Mkubwa alikaa kitini, kofia magotini. Nyuma yake alisimama shaushi, mkuu wa askari, mtu wa mwili mkubwa, amechoka, macho yamemwiva kwa vumbi la safari. Mwenzetu mmoja alisoma habari ya reli. Wa pili alisoma habari ya asali. Kisha nikaitwa mimi.

Nilisoma vizuri. Ni aibu kusema, lakini nilisoma vizuri kuliko siku zote. Nilipofika kwenye jike mwekundu Bwana Mkubwa alitabasamu. Nilipofika kwenye jiwe la mlangoni alifumba macho, kama mtu anayetaka kuona. Nilipomaliza akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba ni habari nzuri sana. Halafu akafumbua macho.

"Nyumba hii iko wapi?" akauliza.

Nikasema iko mbali, Bwana, mbali sana. Sauti ya shaushi ikatoka nyuma yake, taratibu, bila ubaya wowote.

"Si mbali, Bwana. Naijua. Ua wa minyaa, jiwe limepasuka mlangoni. Iko njia ya machweo, kabla ya korongo. Mimi mwenyewe nimepewa maziwa pale."

Hapo ndipo nilipoiona. Niliiona nyumba yote kwa mara moja, nikajiona nimekaa juu ya jiwe nikiwa na kibuyu mkononi, na nikajua kwamba sikubuni hata kijiti. Mwalimu alikuwa amesimama kando. Alinitazama, na mimi nikamtazama, na nadhani kila mmoja alimngoja mwenzake. Maneno yaliyohitajika yalikuwa machache. Bwana, nimesema uongo, ng'ombe wa pale ni wa yule mama mwenyewe. Lakini baada ya maneno hayo angeuliza swali la mwalimu: basi hao uliowaandika ni wa nani, na wako wapi? Nikaona mgongo wa baba. Nikafunga mdomo, mwalimu naye akafunga wake. Bwana Mkubwa akanyoosha mkono, nikampa karatasi, akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati.

Nilipewa zawadi ya kalamu ya chuma na kisanduku chake chenye kichupa cha wino. Nikaambiwa nipumzike nyumbani, mwezi utakaofuata nianze kazi ya ukarani pale bomani. Mwalimu alinishika mkono kwa kuniaga, mkono wake baridi, akasema nimemaliza darasa. Rafiki yangu wa Busi alikuwa akifunga mkeka wake. Hakuwa na hasira. "Ungewaua tu," alisema, akaondoka kurudi milimani kwao, na hatukuonana tena.

Ilikuwa ndiyo kwanza adhuhuri. Askari wasingeondoka kabla ya kesho yake. Kutoka pale hadi kwa yule mama ilikuwa nusu siku, na kwa miguu yangu ya wakati ule ningefika kabla giza halijaingia. Nililijua hilo wakati uleule, sikuligundua baadaye. Nilijiambia kwamba wakikuta zizi tupu watauliza nani kamwonya, kisha watarudi kwenye karatasi, kisha watafika Bahi. Yote hayo yalikuwa kweli. Nilikaa kwenye ngazi za shule nikasafisha kalamu ambayo ilikuwa bado haijachafuka.

Nilingoja siku nne mjini. Ng'ombe wa Bahi, kwa anayetaka kujua, walipona. Nilioa kwa ng'ombe hao, na waliobaki walituvusha katika njaa kubwa iliyokuja baada ya vita, watu walipokufa njiani hata fisi wakashiba. Jike mwekundu alizaa mara tatu zaidi. Baba alikufa akisema mwanawe wa shule alijua kuchunga mdomo.

Siku ya tano nilishika njia ya nyumbani. Nilifikiri nizunguke upande wa kusini nisimpitie, lakini kusini hakuna maji. Nilipofika ua wa minyaa nilipanga kupita haraka. Yeye alikuwa amekaa juu ya jiwe, na alikuwa ameshaniona.

"Mbukwa, mwanangu," alisema. "Leo sina maziwa. Nisamehe."

Nikaitika, nikasema si neno. Zizi lilikuwa nyuma yake, na mlango wake ulikuwa umelazwa chini. Aliinuka akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maji, akanipa kwa mikono miwili. Kisha akaona kisanduku changu, akauliza kama ni vitu vya kuandikia. Nikasema ndiyo. Uso wake ukabadilika, nikajua anataka nini kabla hajasema.

Alinieleza yaliyotokea. Askari walimwambia ng'ombe wale si wake, ni wa mtu aliyewaficha kwake. Aliwaapia, akawataja ng'ombe kwa mama zao na bibi zao, wakacheka. Yule mkubwa wao hakucheka, lakini alikuwa na amri. Sasa alitaka barua kwa Bwana Mkubwa. Alisikia kwamba Mzungu haamini mdomo, anaamini karatasi.

"Wewe umekunywa maziwa yao, umekaa hapa," alisema. "Andika ukweli tu. Andika kwamba wewe umekunywa."

Alinipisha kwenye jiwe. Nikakaa, nikaweka karatasi juu ya kisanduku, nikafungua wino. Akaanza kuwataja, mmoja mmoja, polepole ili nimfuate. Mweupe mwenye masikio meusi, aliyezaliwa siku ya mvua ya mawe. Mweusi asiyetaka kukamuliwa na mtu mwingine. Ndama wake. Mwalimu asingekuwa na la kumuuliza. Kalamu yangu ilikwenda, ikajaza ukurasa, na niliyoandika ni haya: kwa Bwana Mkubwa, salamu nyingi, na baada ya salamu nakuarifu kuwa mimi mjane wako sijambo, na mvua bado, na namwomba Mungu akupe afya, wewe na askari wako, na baada ya hayo salamu tena. Ng'ombe hawakuwamo. Mimi sikuwamo. Mwandiko ulikuwa mzuri.

Aliniomba nimsomee. Nikainua karatasi, nikatazama salamu zile, nikamsomea ng'ombe wake wote, kwa rangi zao na mama zao, na mwisho nikasoma kwamba mimi mwandishi nimekunywa maziwa yao kwa mkono wangu na nashuhudia. Alisikiliza kwa kichwa kilichoinama. Akasema nimemsahau mmoja, yule mwenye kovu begani. Nikachovya kalamu, nikaandika neno la salamu tena chini, nikasoma upya, na safari hii mwenye kovu alikuwepo.

"Hivyo hivyo ndivyo walivyokuwa," alisema, akafuta macho.

Aliikunja barua akaifunga kwenye ncha ya nguo yake. Aliniuliza pale bomani amkabidhi nani. Nikamwambia barua za wenyeji hupokewa na karani, na kwamba karani mpya anaanza mwezi ujao. Akauliza kama ni mtu mwema. Nikasema simjui bado.

Akanisindikiza mpaka kwenye ua, pale ulipoliwa na mbuzi, akaniambia nipite salama.